Nani Huchora Kitufe? Violesura Asilia na Violesura vya Wavuti katika Programu za Kompyuta

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya sekondari kuzungumza na wanafunzi wa somo la kompyuta. Maabara ilikuwa na kompyuta 12, zote zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika hapo, na kila moja ilikuwa na kumbukumbu kuu ya gigabaiti 4. Kipindi kilikuwa cha dakika 40. Mwalimu aliwaagiza wanafunzi wafungue programu tatu: kivinjari cha intaneti, programu ya kuandikia maagizo ya kompyuta, na programu ya mawasiliano ambayo shule hiyo huitumia kugawia kazi. Taa ndogo ya diski ikaanza kumetameta bila kukoma, kishale kikageuka duara lizungukalo, na zikapita dakika 15 kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuandika mstari wake wa kwanza. Mwalimu akanigeukia akasema, "Dokta, mashine hizi zimezeeka. Tunasubiri wafadhili watuletee nyingine."

Nilikubaliana naye wakati ule, lakini njiani nikirudi nyumbani nilifanya hesabu. Mwaka 1995, ilipotoka Windows 95, kampuni ya Microsoft ilipendekeza kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 8. Kompyuta za shule ile zina kumbukumbu zaidi ya mara 500 ya kiasi hicho. Kweli, vioo vya leo vina nukta nyingi zaidi, na ulinzi dhidi ya wadukuzi umeongezeka. Lakini kazi waliyotakiwa kuifanya wanafunzi wale, yaani kuandika matini, kusoma ujumbe na kubonyeza vitufe, haikuongezeka mara 500. Ni dhahiri basi kwamba uzee wa mashine si jibu kamili. Sehemu kubwa ya jibu imo katika namna programu za siku hizi zinavyochora kile tukionacho kwenye kioo.

Makala haya yanakusudia kueleza njia mbili kuu za kuchora huko, faida na hasara za kila moja, na jambo ambalo aghalabu husahauliwa: kwamba kuchagua njia ni kuamua pia nani atakayelipa gharama.

KIOLESURA NI NINI?

Kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtu huiona na kuigusa: madirisha, menyu, vitufe, visanduku vya kuandikia na kadhalika. Nyuma ya kiolesura ndiko kunakofanyika kazi yenyewe ya kukokotoa, kupanga na kuhifadhi. Mtumiaji haioni kazi hiyo. Yeye huhukumu programu nzima kwa kiolesura chake.

Kiolesura cha madirisha na kipanya kilifanyiwa majaribio ya mwanzo katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, ambako kompyuta iliyoitwa Alto ilikamilika mwaka 1973. Kompyuta ya Macintosh ya kampuni ya Apple ilikisambaza kwa watu wengi kuanzia mwaka 1984, na toleo la kwanza la Windows likatoka mwaka 1985. Mifumo hiyo ilikuwa na wazo moja lililo muhimu kwa mada yetu: si lazima kila mwandishi wa programu achore vitufe vyake mwenyewe. Mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia kompyuta nzima, utaweka ghala la vitufe, menyu na madirisha, na kila programu itaazima humo.

NJIA YA KWANZA: KUAZIMA KWA MFUMO

Programu inayoazima vitufe katika ghala la mfumo endeshi husemwa kuwa ina kiolesura asilia. Tuseme programu inahitaji kitufe cha kuhifadhi kazi. Huupelekea mfumo ombi fupi: "Niwekee kitufe mahali hapa, upana huu, kimo hiki, na juu yake uandike Hifadhi." Mfumo hukichora. Mtu akikibonyeza kwa kipanya, mfumo ndio unaotambua kwamba kishale kilikuwa juu ya kitufe kile, nao hupeleka ujumbe katika foleni ya programu: "Kitufe chako kimebonyezwa." Programu huusoma ujumbe na kutenda.

Mfano wa jikoni utatusaidia. Katika shule ya bweni kuna jiko moja, sufuria kubwa na wapishi wachache, na wanafunzi wote mia nne hula hapo. Ndivyo ilivyo kwa ghala la mfumo. Maagizo ya kuchora kitufe huwekwa katika kumbukumbu mara moja tu, na programu kumi zikiyahitaji, zote kumi hutumia nakala ile ile. Kwa hiyo programu yenye kiolesura asilia yaweza kuwa ndogo sana, kwa kuwa imebeba mambo yake tu; ya jumla imeyakuta.

Faida nyingine ni ulinganifu. Kwa kuwa vitufe vyatoka katika ghala moja, mtu aliyejifunza programu moja amekwisha kujifunza nusu ya nyingine. Tena ghala hilo limeunganishwa na huduma za watu wenye ulemavu: programu inayowasomea wasioona maandishi ya kioo huulizia mfumo, nao hujibu kwamba hapa pana kitufe na jina lake ni Hifadhi. Mwandishi wa programu hupata huduma hiyo bila ya kutoa jasho kubwa.

Hasara yake ni moja, lakini ni nzito. Ghala la Windows si ghala la kompyuta za Apple, na yote mawili si ghala la Linux. Kwenye Linux penyewe yako mawili makubwa, GTK na Qt. Anayetaka programu yake itumike kila mahali kwa kiolesura asilia kamili hana budi kuandika kiolesura hicho mara mbili au tatu, aghalabu kwa lugha tofauti za kompyuta, kisha kukitunza mara mbili au tatu kwa miaka yote ya uhai wa programu.

NJIA YA PILI: KUBEBA INJINI YA WAVUTI

Wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva. Pendekezo lake la kwanza ni la mwaka 1989, na kivinjari chake cha kwanza kilifanya kazi mwishoni mwa mwaka 1990. Yafaa kukumbuka kwamba kivinjari hicho, mzazi wa violesura vyote vya wavuti, kilikuwa chenyewe programu ya kiolesura asilia: alikiunda kwenye kompyuta ya aina ya NeXT, na ghala zuri la madirisha la kompyuta hiyo lilimrahisishia kazi.

Ukurasa wa wavuti huandikwa kwa lugha tatu. HTML hueleza yaliyomo. CSS hueleza sura, yaani rangi, ukubwa na mpangilio. Na JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995, hueleza matendo. Mwanzoni kurasa zilikuwa za kusomwa tu. Baadaye vivinjari vikapata nguvu, hasa baada ya mwaka 2008 ilipotoka Chrome ya Google pamoja na injini yake ya kuendeshea JavaScript kwa kasi. Mwaka 2009 ikatoka Node.js, iliyoiwezesha JavaScript kufanya kazi nje ya kivinjari, ikafungua faili na kuzungumza na mfumo. Mwaka 2013 kampuni ya GitHub ikaviunganisha viwili hivyo katika fungu moja ili kutengenezea programu yao ya kuandikia iliyoitwa Atom. Fungu hilo ndilo linalojulikana leo kwa jina la Electron. Programu ya Atom ilikomeshwa mwaka 2022, lakini Electron imeenea: ndiyo iliyotumika kutengenezea Visual Studio Code, Slack, Discord na programu nyingine nyingi.

Programu ya Electron ni kivinjari kizima kilichofichwa ndani ya dirisha la programu. Kitufe chake hakiazimwi popote. Injini husoma maandishi ya HTML na kuyageuza kuwa mti wa vitu, kila kitu kikiwa tawi la kingine. Husoma CSS na kuamua kila tawi litakuwa na sura gani. Hukokotoa mahali pa kila kitu kwenye kioo. Kisha huchora, na kuunganisha matabaka ya mchoro kuwa picha moja. JavaScript ikibadilisha kitu, hatua kadhaa kati ya hizo hurudiwa.

Hapa sina budi kusahihisha kosa ambalo nimelisikia hata kwa walimu. Kiolesura cha wavuti hakimaanishi kwamba programu lazima iunganishwe na intaneti. Kurasa zake zaweza kuwa zimo katika diski ya kompyuta yenyewe. Neno wavuti hapa lataja namna ya kuchora, halitaji mahali data zinakotoka. Iko programu ya Electron inayofanya kazi kijijini pasipo na mtandao wowote, na iko programu ya kiolesura asilia isiyoweza lolote bila ya intaneti.

HESABU YA GHARAMA

Turudi jikoni. Programu ya Electron ni kama mwanafunzi wa bweni aliyekuja na jiko lake, mkaa wake, sufuria zake na mpishi wake. Chakula chake huwa kizuri, na popote aendapo atapika vile vile. Lakini wakija kumi wa namna hiyo, bweni halitoshi.

Kila programu ya Electron hubeba nakala yake ya injini ya kivinjari, na ikiisha kusakinishwa huchukua zaidi ya megabaiti 100 za diski hata kama kazi yake ni kuonyesha neno moja. Ikiwa inafanya kazi, hujigawa katika michakato kadhaa inayokwenda sambamba: mmoja wa kusimamia, mwingine wa kuchora ukurasa, mwingine wa kuhudumia kadi ya picha. Mgawanyo huo una sababu nzuri, kwani ukurasa ukiharibika hauangushi vingine, na mdukuzi aliyeingia katika mmoja hapati vyote kwa urahisi. Lakini kila mchakato wataka kumbukumbu yake, na programu moja aghalabu hufikia mamia ya megabaiti.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kompyuta ina gigabaiti 4. Tuseme mfumo endeshi na ulinzi wake vimechukua gigabaiti 2, na kivinjari chenye kurasa chache kimechukua 1. Imebaki gigabaiti 1. Programu mbili za Electron zenye megabaiti 400 kila moja zitabakiza megabaiti 200 hivi tu. Mwanafunzi akifungua faili kubwa au ukurasa mmoja zaidi, kumbukumbu imekwisha.

Mfumo endeshi haukati tamaa hapo. Huhamisha sehemu ya yaliyomo katika kumbukumbu na kuyaweka kwenye diski, kisha huyarudisha yakihitajika. Kusoma kitu katika kumbukumbu kuu huchukua kiasi cha nanosekunde 100. Kukisoma katika diski ya kizamani izungukayo huchukua kiasi cha milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Kama safari ya kwenda kwenye kumbukumbu ingekuwa ya sekunde 1, safari ya kwenda kwenye diski ingezidi saa 27. Hiyo ndiyo taa iliyokuwa ikimetameta katika maabara ile.

Kuna na gharama ya usalama. Mwezi Septemba 2023 iligunduliwa kasoro kubwa katika maagizo yanayofungua picha za aina ya WebP. Kivinjari cha Chrome kilirekebishwa haraka. Lakini kila programu ya Electron ilikuwa na nakala yake ya maagizo yale yale, hivyo kila moja ilihitaji kurekebishwa peke yake na mwenyewe. Jiko moja likivuja, hutengenezwa jiko moja. Majiko kumi yakivuja, wanahitajika mafundi kumi, na pengine wa kumi hatafika.

KWA NINI BASI HUCHAGULIWA?

Baada ya hesabu hiyo mwanafunzi aweza kudhani kwamba waandishi wa programu za wavuti ni wavivu. Si haki kusema hivyo. Iko sababu ya kwanza ambayo ni kazi ya binadamu. Kikundi cha watu watano hakiwezi kuandika violesura vitatu na kuvitunza. Kwa njia ya wavuti huandika kimoja, na watumiaji wa Windows, Apple na Linux hupata programu siku moja. Watumiaji wa Linux, ambao ni wachache, wamenufaika sana: programu nyingi wanazozitumia leo zisingeandikwa kwa ajili yao kamwe kama isingekuwa njia hii.

Sababu ya pili yatuhusu sisi wenye lugha yetu. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na tangu hapo kazi ya kutafsiri violesura haijakoma. Aliyepata kuifanya ajua taabu yake: amri ya Kiingereza yenye herufi nne huwa Hifadhi, yenye herufi saba. Katika madirisha mengi ya kizamani ya kiolesura asilia, kila kitufe kilipewa mahali na upana usiobadilika, na neno refu lilikatwa mkia. Mpangilio wa wavuti, kinyume chake, tangu asili ulitarajia maandishi ya urefu usiojulikana, na kitufe hutanuka kulifuata neno. Maghala ya kisasa ya violesura asilia nayo yamejifunza hivyo, lakini wavuti ulitangulia.

Sababu ya tatu ni kwamba kivinjari kikiwa kimoja, wavuti waweza kuwa rafiki wa mashine dhaifu. Programu ya masomo iitwayo Kolibri, ambayo hutolewa bure, husakinishwa katika kompyuta moja yenye nguvu kiasi. Masomo, video na mazoezi hukaa humo. Kompyuta nyingine za shule huunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani, bila ya intaneti, na kila mwanafunzi hufungua kivinjari tu. Hapa wapo wanafunzi thelathini, lakini jiko ni moja. Kinachoziumiza kompyuta zetu zaidi ni kuirudia injini ya wavuti mara tano katika mashine moja ndogo.

UBUNIFU NDANI YA NJIA

Tusidhani pia kwamba kila kiolesura asilia ni chepesi na kila cha wavuti ni kizito. Uzito hutegemea vilevile namna mwandishi alivyopanga data zake, na mfano mzuri umo katika Visual Studio Code.

Mtumiaji mmoja wa programu hiyo alilalamika kwamba hawezi kufungua faili yake ya megabaiti 35. Uchunguzi ulionyesha kwamba faili ilikuwa na mistari milioni 13.7. Programu iliweka kila mstari kama kitu cha peke yake, na kila kitu kilitaka baiti 40 hadi 60 za utunzaji. Mwanafunzi na azidishe mwenyewe: milioni 13.7 mara baiti 45 ni zaidi ya megabaiti 600. Faili ya megabaiti 35 ilihitaji kumbukumbu inayokaribia mara 20 ya ukubwa wake.

Dawa, iliyotangazwa mwaka 2018, ilikuwa wazo la zamani. Matini ya asili huachwa kama ilivyo, haiguswi. Maneno mapya yanayochapwa hukusanywa mahali pengine. Kisha huwekwa orodha ya vipande isemayo: soma herufi 1 hadi 500 za matini ya asili, kisha herufi 1 hadi 12 za matini mpya, kisha endelea na ya asili. Ni kama mhariri ambaye, badala ya kuandika upya mswada mzima, hubandika vijikaratasi vyenye nyongeza na mishale. Orodha hiyo ilipangwa katika umbo la mti wenye mizani ili mstari wowote upatikane kwa hatua chache.

Linalopendeza zaidi ni kwamba wahandisi hao walijaribu pia kuiandika sehemu hiyo kwa lugha ya C++, ambayo kwa kawaida ni ya kasi kuliko JavaScript. Faida haikuonekana. Kila mara matini ilipovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine ilibidi ibadilishwe umbo, na ushuru huo wa mpakani ulikula kasi yote iliyopatikana. Wakabaki na JavaScript na mpangilio bora wa data. Mwanafunzi wa hisabati na alizingatie hilo: mpangilio mzuri waweza kuokoa zaidi ya lugha ya kasi.

NJIA ZA KATI

Kati ya kula jiko la shule na kuja na jiko lako, iko njia ya tatu: kupika chakula chako kwenye jiko la shule. Mifumo endeshi ya leo ina injini ya wavuti ndani yake, na programu yaweza kuiazima badala ya kubeba nyingine. Kwenye Windows injini hiyo huitwa WebView2. Chombo kiitwacho Tauri, ambacho toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2022, hutumia njia hiyo, na programu ndogo iliyoundwa kwacho yaweza kuwa ya megabaiti chache tu. Injini ikiwa na kasoro, mfumo huirekebisha mara moja kwa manufaa ya wote.

Hata hivyo pana mambo mawili ya kuangalia. Kuazima injini huokoa diski kuliko kumbukumbu, kwa sababu kurasa za kila programu bado huhitaji michakato yake. Tena injini ya Windows si ile ya Apple wala ya Linux, kwa hiyo mwandishi hukuta tena tofauti ndogo ndogo alizokuwa akizikimbia.

Makampuni makubwa yenyewe hayajatulia. Microsoft iliihamisha programu yake ya mikutano, Teams, kutoka Electron kwenda WebView2 mwaka 2023, ikidai kwamba toleo jipya lilikuwa na kasi hadi mara mbili na kutumia nusu ya kumbukumbu. WhatsApp ya Windows ilianza kama programu ya wavuti mwaka 2016, ikawa ya kiolesura asilia mwaka 2022, na mwaka 2025 ikaanza kurudishwa kwenye wavuti. Mabadiliko ya namna hii hayamaanishi kwamba njia moja imethibitishwa kuwa bora. Ni mizani ya gharama inayopimwa upya, na wenye kuipima mara nyingi wana kompyuta za gigabaiti 16 au 32 mezani kwao.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Washeni kompyuta yenye Windows, msifungue programu yoyote. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloorodhesha kazi zote zinazoendelea na kumbukumbu inayotumiwa na kila moja. Andikeni jumla ya kumbukumbu inayotumika. Kisha fungueni programu moja moja, mkisubiri dakika moja kila mara kabla ya kuandika. Kwa kila programu andikeni: jumla imeongezeka kwa kiasi gani? Imejigawa katika michakato mingapi? Fungeni na kufungua tena mara tatu, mchukue wastani. Chora jedwali na mstari wa grafu.

Jaribuni pia jambo hili: ikiwa programu ya mawasiliano ina toleo la kufunguliwa ndani ya kivinjari, linganisheni ongezeko la kumbukumbu la toleo hilo, kivinjari kikiwa tayari wazi, na ongezeko la toleo lililosakinishwa. Jadilini tofauti mtakayoiona.

HITIMISHO

Nilirudi katika shule ile baada ya wiki mbili. Mimi na mwalimu tuliondoa programu ya mawasiliano iliyosakinishwa, tukaifungua ndani ya kivinjari ambacho wanafunzi walikuwa wakikitumia tayari. Badala ya programu nzito ya kuandikia maagizo tukaweka nyepesi yenye kiolesura asilia, inayotosha kabisa kwa kidato cha pili. Mashine zilikuwa zile zile 12. Kipindi kilichofuata, wanafunzi walianza kuandika kabla ya dakika ya nne kwisha.

Sikulisimulia hilo ili kuwalaumu waundaji wa programu kubwa. Muundaji anayechagua njia ya wavuti huokoa miezi ya kazi yake, na pengine bila ya kuokoa huko programu isingekuwapo. Lakini gharama aliyoikwepa haikupotea. Imegawanywa vipande vidogo na kupelekwa kwa kila mtumiaji, katika umbo la kumbukumbu, umeme na dakika za kusubiri. Mwenye mashine mpya hakihisi kipande chake. Mwenye mashine ya gigabaiti 4 hulipa kwa robo ya kipindi chake, tena hulaumiwa kuwa mashine yake imezeeka.

Kwa hiyo mwalimu, kabla ya kuandika barua ya kuomba kompyuta mpya, pima kwanza programu ulizo nazo. Nawe mwanafunzi, utakapoandika programu yako ya kwanza, usiijaribu kwenye kompyuta bora ya maabara peke yake. Ipeleke pia kwenye ile ya pembeni, ambayo wenzako huikwepa. Ikienda vizuri pale, itakwenda popote.